Mwendo wa Akina Kogo

Ninyi madresa vijana, wafunga vidonda mliobaki kwenye dispensari za mashamba ya chai, mmenisumbua niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nimekubali kwa sababu nimestaafu, na mstaafu ana wakati mwingi na wasikilizaji wachache. Habari ya kupanda cheo nitaimaliza mapema: niliingia nikiwa dresa, nikatoka nikiwa dresa, na katikati hapo nilikuwa dresa. Sasa tuendelee na mambo ya maana.

Kufunga vidonda nilijifunza vitani, katika Kariakoo, lile jeshi la wapagazi wa vita vya Mjerumani, ambako serikali ilitukirimu sana. Ilitupa mizigo ya bure tubebe na magonjwa ya bure tuugue. Mimi nilibahatika kuwekwa kwenye hema la wagonjwa kuosha bandeji, na kwa kuwa waliotangulia kuziosha walikuwa wamekufa, nikapandishwa haraka nikawa mfungaji. Vita vilipokwisha nilirudi kwetu ziwani. Baadaye nikasikia kwamba huko Kericho Wazungu wanakata msitu na kupanda chai kila mahali isipokuwa barabarani, na kwamba wanatafuta mtu anayejua bandeji. Nikapanda mlima.

Dispensari niliyoikuta ilikuwa kibanda cha mabati kilichojengwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kuugua. Mvua ikinyesha, na kule mvua hainyeshi bali inahamia, hukumsikia mgonjwa hata akipiga kelele. Dawa zilikuwa tatu. Anayeumwa juu ya kitovu alipewa kwinini, anayeumwa chini ya kitovu alipewa chumvi ya haluli ya kuendesha tumbo, na anayeumwa mahali panapoonekana kwa macho alipakwa aidini.

Dresa mkubwa alikuwa Mzee Yohana, Mmaragoli mfupi mwenye sauti nene. Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameketi nje juu ya kasha la chai, dawa amezipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye njia inayoshuka kutoka laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi.

"Mzee, mbona hukai ndani kwenye dawa?" nikamuuliza.

"Dawa hazitembei," akasema. "Wagonjwa ndio wanatembea. Kaa hapa, tazama."

Nikakaa kwenye kasha la pili, na hiyo ndiyo shule yangu yote. Yohana alinifundisha kwamba mtu akifika mlangoni ameshasema nusu ya shida yake kwa miguu. Mwenye funza huja kwa visigino. Mwenye homa huja kama anatembea juu ya godoro. Mwenye tumbo huja ameinama, na mwenye kuchoka na kazi huja akichechemea mguu wa kulia, kisha baada ya kupewa mapumziko huondoka akichechemea wa kushoto. Hao wa mwisho walikuwa wengi, na Yohana aliwapa haluli kijiko kizima, bila chuki.

Akina mama wazee walinitatiza. Walikuwa wa familia za Kipsigis zilizokaa pembeni mwa shamba, na binti zao walichuma majani. Wazee wenyewe walipalilia kitalu cha miche na kuchunga wajukuu. Nilipomwona mmoja akishuka ile njia, niliona hatua fupi, miguu imeachana kidogo kwa upana, mikono haichezi sana, macho yako chini mbele ya vidole. Nyayo zote mbili zilikaa ardhini kwa pamoja muda mrefu kidogo, kama mtu asiyependa kuachana na rafiki. Nikaandaa aidini. Yule mama akafika, akanisalimu, akaomba dawa ya kikohozi cha mjukuu wake, akaondoka. Kugeuka nako alikuwa hageuki kwa kisigino kama sisi. Aligeuka kwa hatua ndogondogo, kama ng'ombe ndani ya zizi dogo.

"Huyu anaumwa wapi?" nikamuuliza Yohana.

"Haumwi mahali. Ameishi." Akanitazama. "Usije ukampa mtu haluli kwa sababu ya kuishi."

Baada ya misimu michache, nikiwa nimeshaokota lugha ya Kipsigis ya kutosha, Yohana akarudi kwao Maragoli, mimi nikabaki na kasha lake, ambalo lilikuwa na msumari uliojitokeza, na pamoja nalo kazi yake. Mambo yakaenda vizuri. Kisha tukaletewa meneja mpya.

Huyu tulimwita Bwana Filimbi. Jina lake la kweli lilikuwa refu, na yeye mwenyewe alilitumia kidogo, kwa kuwa filimbi ilimtosha kwa mazungumzo yote. Asubuhi alisimama kwenye lango la shamba, akapuliza, na kila aliyekuja baada ya hapo alikuwa mvivu. Ilimchukua muda mfupi kugundua jambo ambalo watu wote wa Kericho, Sotik na Kimulot walikuwa hawajaligundua tangu dunia iumbwe: akina mama wazee hutembea polepole. Walitoka nyumbani kabla ya binti zao, wakafika baada ya binti zao. Jambo hili lilimuudhi kama vile wamekubaliana usiku kumkomoa.

Akaniita ofisini.

"Dresa, hawa vikongwe wana ugonjwa gani?"

"Hawana ugonjwa, Bwana."

"Huoni wanavyotembea?"

"Naona, Bwana. Wanatembea kama watu wenye wajukuu."

Hakucheka. "Mimi hapana weka mgonjwa kwa laini yangu. Ataleta ugonjwa kwa wengine. Tafuta ugonjwa yao, sema jina, halafu wao rudi rizavu, kwa kabila yao. Nyumba yao bomoa."

Sasa ninyi vijana mtasema, si ungekataa? Hebu msimame mbele ya meza ile kwanza. Nilisema, "Ndiyo Bwana, nitatafuta," nikarudi kwenye kasha langu nikatafuta kwa bidii, yaani nilikaa. Nilijua daktari wa mashamba angepita wiki hiyo.

Daktari huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye pikipiki iliyomwangusha kila mtaro kati ya Kericho na Bomet, na bado aliipenda. Nilimweleza. Yeye, tofauti na mabwana wengi, alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akaketi kwenye kasha la pili, akawatazama akina mama wakishuka njia, na nilimwona akianza kusahau chai yake.

"Labda ni mgonjwa. Labda ni umri tu," akasema. "Mimi hapana jua. Wewe hapana jua. Bwana Meneja hapana jua. Sisi taona."

Kwanza aliwapima. Alisikiliza vifua vyao, akakunja magoti yao, akawauliza kama wanasikia kizunguzungu, akawaonyesha vidole wahesabu kwa mbali. Wawili aliwaondoa, mmoja alikuwa na goti bovu na mwingine macho. Waliobaki walikuwa wazima kabisa. Wengine walikuwa wazima kuliko yeye, maana yeye alikuwa na plasta tatu za pikipiki. Kisha akaniagiza nilete majivu kutoka kwenye majiko ya laini zote, niyamwage mbele ya dispensari, niyasawazishe kwa ubao yawe kama mkeka mrefu. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Majivu, na mimi nikawa msaidizi wake, kazi ambayo kwa kweli ilihitaji ufagio zaidi ya elimu.

Taabu ilikuwa kuwapitisha. Mnajua, na kama hamjui waulizeni bibi zenu, kwamba unyayo wa mtu haukusanywi hivi hivi. Ukiona mtu anataka kuhifadhi unyayo wako, unajiuliza anataka kuupeleka kwa nani. Akina mama wakasimama kando ya majivu, wamejifunika ngozi zao. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Kogo Tapkigen. Kogo ni bibi kwa lugha yao, na yeye alikuwa bibi wa karibu kila mtoto aliyelia katika laini ya juu. Alikuwa mrefu, masikio yake yamening'inia na mapambo ya shanga, na alitazama watu kama anayechagua ndama sokoni Chepilat.

"Wewe mtoto wa ziwani," akaniambia, "huyu Taktari anataka nyayo zetu za nini?"

"Anataka kuonyesha kwamba hamuumwi, Kogo."

"Mimi najua siumwi. Nimwonyeshe nani?"

"Bwana Filimbi. Anataka kuwafukuza."

Akafikiri. "Basi Taktari apite kwanza. Bila viatu. Tukimaliza, majivu tunafagia sisi wenyewe, hakuna mtu mwingine anayagusa."

Nikatafsiri. Bwana Majivu akavua viatu vyake na soksi bila ubishi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mizizi ya muhogo uliomenywa, na alipokanyaga majivu ya baridi akaruka. Akina mama walicheka hadi mmoja akashikilia nguzo. Baada ya hapo hapakuwa na taabu tena. Ukishamwona mtu akiruka kwa sababu ya majivu, huwezi kumwogopa.

Walipita vijana kwanza. Chebet, binti wa Kogo, aliyekuwa mchumaji hodari, akapita kama anayekwenda kuposwa: hatua ndefu, nyayo karibu mstari mmoja, na kila alipoondoa mguu vidole vilichimba majivu nyuma kwa nguvu. Kisha akapita mama yake. Hatua zake zilikuwa fupi, nyayo zimeachana upande na upande, ncha zimetazama nje kidogo, na pale vidole vilipopaswa kuchimba palikuwa na alama nyepesi tu. Hakujisukuma, alijiinua na kujiweka. Bwana Majivu akapiga magoti, mkia wa koti ukaingia majivuni.

"Ambia yeye aende mbio kidogo," akasema.

Nilitegemea Kogo akatae. Akaenda. Alikwenda vizuri sana, ila nilichokiona ni kwamba hakurefusha hatua. Alizifanya za haraka. Chebet alipoharakishwa alirefusha. Kisha daktari akataka wazungumze wakitembea. Nikamuuliza Chebet kuhusu ng'ombe wao, akanijibu habari za ng'ombe watatu bila kukosa hatua. Nikamuuliza Kogo kuhusu ng'ombe yuleyule. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, akasimama katikati ya majivu, akanigeukia.

"Unataka nitembee au unataka habari ya ng'ombe?" akasema. "Chagua moja. Mimi sina haraka ya kuanguka."

Bwana Majivu alipotafsiriwa maneno hayo alifurahi kuliko alivyofurahia nyayo zote. Wengine wote wakapita, wengine warefu, wengine wafupi, kila mmoja kwa namna yake, lakini wote wakielekea upande uleule. Mwishoni akaniambia, kwa Kiswahili chake kilichokuwa na matope kama pikipiki, kwamba wanawake hawa ni wazima, na kwamba mwili ukizeeka unaanza kujilinda: unakaa ardhini muda mrefu, unapanua miguu, unakataa kurushwa mbele. Huo ni mwendo wa umri, akasema, na haumwambukizi mtu. Akina mama wakachukua mafagio, wakafagia majivu yao yote hadi chembe ya mwisho, wakayatupa mtoni.

Daktari akaenda kumweleza meneja. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri haki itendeke, kwa kuwa bado nilikuwa nikiamini mambo kama hayo.

Walizungumza Kiingereza, ambacho nilikisikia kidogo, na Bwana Filimbi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo hata wewe umekubali. Wanatembea polepole, na hakuna dawa."

"Lakini si ugonjwa," daktari akasema.

"Ugonjwa hupona," akajibu Filimbi. "Hii ni mbaya zaidi."

Hivyo sayansi ikashinda, na akina kogo wakafukuzwa. Daktari alibisha hadi akawa mwekundu shingoni, akaambiwa kazi yake ni homa na funza, shamba lina mwenyewe. Akanishika mkono, akapanda pikipiki, akaanguka kwenye mtaro wa kwanza. Naamini siku hiyo alikuwa haoni vizuri kwa hasira.

Vibanda vyao vilibomolewa mwanzoni mwa mvua. Sitasahau. Akina mama walipanga vibuyu vya maziwa mgongoni, wakaondoka kwa mstari kuelekea rizavu upande wa Kimulot, na njia ile ya chai ikawa kama imesimama, maana hawakuongeza mwendo hata kwa aibu ya kutazamwa. Kogo Tapkigen alikuwa wa mwisho. Mjukuu wake Kiprono, aliyekuwa ameanza tu kutembea, alimfuata akilia, na Chebet akaja kumbeba kumrudisha. Nilimwona Kogo akisimama ili amwambie mtoto neno, kisha akaendelea. Filimbi alikuwa langoni. Alikuwa amefika mapema kuhakikisha wameondoka, ikambidi asubiri.

Mnajua mvua zikikolea chai hufanya nini. Inachipua kama inatukanwa. Kila mkono unahitajika shambani, na mikono ya wanawake ndiyo iliyochuma vizuri, nao sasa walikuwa na watoto migongoni, watoto kiunoni, na watoto wakivuta ngozi kwa nyuma. Meneja hakuwa amejiuliza watoto wale walikuwa wakikaa na nani. Labda alidhani wanajichunga, kama miche.

Waliowaacha nyumbani waliwafungia milango. Hapo ndipo Kiprono alipoangukia jiko. Chebet alimleta akikimbia ile njia yetu, na sikuhitaji kusoma mwendo wowote. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kiwikoni. Nilimshughulikia wiki nyingi. Aliishi, na mkono ukapona ukiwa umekunjamana, lakini vidole vikafanya kazi. Nakumbuka nikifunga bandeji ile huku Chebet ananishikia mtoto, machozi yanamwanguka juu ya kichwa cha mwanawe, na huko nje ile filimbi inalia, inalia, inawaita watu kazini.

Kesho yake baada ya mtoto kuungua, filimbi ikalia tena na wanawake hawakuja. Hawakuandamana wala hawakupiga kelele. Walikaa tu nyumbani na watoto wao. Bwana Filimbi akapanda laini mwenyewe, mimi nikiwa nyuma kama mkalimani, akasimama mbele ya mlango wa Chebet.

"Kwa nini hapana kazi?"

"Pwana," Chebet akasema bila kusimama, "mtu wa kukaa na mtoto umemfukuza. Sasa nimekuwa mimi."

"Mtoto ni kazi ya mama yako?"

"Ilikuwa. Wewe ulisema anatembea polepole." Akamfunika Kiprono mkono. "Mtoto wa kutembea juzi pia anatembea polepole, Pwana. Walikuwa wanapatana."

Nilitafsiri neno kwa neno, na nakiri sikuwahi kutafsiri kwa usahihi kama siku hiyo.

Majani yakaendelea kukomaa vichakani, makubwa, magumu, yasiyofaa kitu. Kiwanda kikapiga kelele. Filimbi akatuma nyapara awarudishe akina kogo, nyapara akarudi peke yake. Kogo Tapkigen alisema aliyemfukuza ana miguu mizuri, aje mwenyewe. Na kwa kuwa juu ya Filimbi naye kulikuwa na mabwana wakubwa wenye filimbi kubwa zaidi, akaenda, na mimi nikaenda naye.

Kati ya shamba na rizavu palikuwa na mto, na juu ya mto gogo moja la mti, linaloteleza kwa mvua. Vijana walilivuka kwa kukimbia. Akina kogo walikuwa wakilivuka kila walipokwenda kwa ndugu zao rizavu, wale ambao mwendo wao unataka nafasi ya miguu miwili, juu ya daraja lenye nafasi ya mguu mmoja. Bwana Filimbi akaweka buti la kwanza, akaweka la pili, akapepesuka. Akatazama maji. Kisha akaketi, akavuka kwa makalio, polepole sana, kwa heshima zake zote, kofia kichwani. Mimi nilitazama ndege.

Kogo alitupokea nje ya nyumba ya kaka yake. Hakutuambia tuketi.

"Tunarudi," akasema, "kwa watoto. Kitalu chako palilia mwenyewe. Nyumba zetu umezibomoa, tutakuja kila siku kutoka huku, kwa hiyo ukate miti miwili, uilaze pamoja kwenye mto, uweke mbao juu, na fito ya kushika huku na huku."

"Daraja?" Filimbi akauliza.

"Umevuka lile lako," Kogo akasema. "Umelipenda?"

Sijui nani alimpasha habari. Labda matope ya suruali. Meneja akawa mwekundu, akasema daraja litajengwa. Likajengwa, pana, na fito pande zote mbili, na vijana wote waliolicheka wakawa wanalipitia. Akina kogo wakarudi na kukabidhiwa banda la watoto karibu na laini, na hakuna aliyewapulizia filimbi tena. Mwaka uliofuata Bwana Filimbi alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa na kengele.

Mimi niliendelea na kasha langu, homa zangu na funza wangu hadi juzi mlipoona nimeanza kukosa sindano na mshipa, mkanifanyia sherehe ya chai, kinywaji ambacho ni wazi hatukuwa tumekiona cha kutosha. Asubuhi ya kuondoka Kogo Tapkigen alisema atanisindikiza hadi barabara kuu. Sasa alikuwa mzee kweli, na mwendo umepungua tena. Nikamnyooshea mkono aushike.

"Wa nini?" akauliza.

Nikauficha mfukoni. Tukaenda. Kila aliponiambia neno alisimama, na alikuwa na maneno mengi: Kiprono yuko shule ya misheni, Chebet amepata msichana mwingine, ng'ombe mwekundu amezaa. Niliacha kuangalia jua. Lori lilikuwa likisubiri barabarani, dereva amekwisha kukasirika. Kogo akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea kwa lugha yake, akageuka kwa zile hatua zake ndogondogo, akaanza kupanda kati ya michai bila kutazama nyuma. Sikupanda lori mpaka alipofika juu.

"Mzee," dereva akasema, "yule mama ni mgonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Ni mzima kuliko lori lako."

Akanicheka, akashuka na hendeli ya kuwashia injini, akaizungusha. Lori halikuwaka. Akazungusha tena hadi jasho likamtoka, kisha akaniomba nishuke tulisukume.